Waliobonyeza kwa Ajili ya Winfrida

Lugha ya kompyuta iitwayo Mfongo haikuandikwa na Winfrida Massawe. Mwenyewe alilisema hilo kila alipoulizwa, na aliulizwa mara nyingi, maana wengi walioijua lugha ile waliijua kupitia kwake. Aliyeiandika ni Eliona Swai, mtu wa Machame, aliyerudi kutoka Dar es Salaam na kompyuta ya mkononi yenye bawaba iliyovunjika, ndani yake kazi ya miaka kadhaa. Winfrida yeye alileta watu. Mmoja alileta lugha, mwingine akaleta watu wa kuitumia, na kila mmoja alidhani mwenzake anajua thamani ya alicholeta.

Wakati huo Winfrida alikuwa na miaka thelathini na ushee, akifundisha umeme katika chuo cha ufundi pale Moshi mjini. Kwao ni Kibosho, na mama yake, Dominika, bado anaishi huko na migomba yake na ng'ombe wake wawili. Winfrida ni mrefu, ana sauti inayofika hadi nyuma ya karakana, na alikuwa na tabia moja ambayo wanafunzi waliipenda: hakumcheka mtu aliyekosea. Mwanafunzi akiunguza kifaa, alimwambia tu, "Haya, sasa umejua kinavyonuka," kisha akamwonyesha waya uliokaa vibaya.

Eliona alifika chuoni kuomba meza ya kufanyia kazi. Akatoa mfukoni bodi ndogo inayolingana na kiberiti, akaiunganisha na kompyuta yake. Akaeleza kwamba kwenye bodi kama ile pana chipu, kompyuta ndogo kabisa isiyo na kioo wala vitufe, na ukijua kuiamrisha inaweza kuwasha pampu, kupima joto, kufunga mlango. Tatizo ni kwamba lugha za kuiamrisha ni ngumu kwa anayeanza. Yeye ametunga iliyo nyepesi, na ni huria: maandishi yake yote yako wazi, kila mtu anaweza kuyasoma na kuyarekebisha.

Winfrida aliinama akasoma kwenye kioo. "Mbona amri zote ni za Kiingereza?"

"Lugha zote za kompyuta ziko hivyo."

"Wanafunzi wangu umeme wanaujua. Kinachowashinda ni Kiingereza. Wewe umejenga nyumba nzuri, halafu umeweka komeo mlangoni."

Eliona alicheka, akakusanya vitu vyake, akaondoka. Wiki iliyofuata alirudi. Palipokuwa na Kiingereza sasa palisomeka washa, zima, subiri, kama, rudia. Winfrida akaandika kwa kidole kimoja, *washa taa*, na taa nyekundu kwenye bodi ikawaka. Aliita darasa zima lije kuona. Siku hiyo hiyo wakaipa lugha jina. Mfongo ni mfereji wa jadi wa kule mlimani, unaotoa maji mtoni na kuyapitisha kihamba hadi kihamba, shamba la ukoo huu hadi la ukoo ule. Wote huuchimba, wote huusafisha, na hakuna anayeweza kusema ni wake.

Leseni ya Mfongo ilikuwa fupi, na Winfrida aliitafsiri mwenyewe: chukua, tumia, badilisha, gawa, ila ukigawa ulichobadilisha, nacho kiache wazi kama ulivyokikuta. Maneno hayo ndiyo aliyotembea nayo.

Na alitembea kweli. Alianza na wanafunzi wa Jumamosi, kisha akafungua kundi kwenye simu, kisha watu wakaanza kujitokeza kutoka mahali ambapo hakutarajia. Alijitokeza fundi redio wa Holili. Akaja dada mmoja wa Marangu aliyetaka kujua unyevu wa kahawa yake juani bila kuing'ata kila saa. Wakaja masista waliokuwa na tangi la maji lililofurika kila wakienda kusali. Winfrida alipanda magari ya kwenda kote huko na mfuko wa bodi na nyaya, akakaa kwenye madawati ya parokia na ya usharika, akafundisha. Kwenye kundi aliweka sheria chache. Mwenye swali hajibiwi kwa swali. Anayejibu kwa kejeli atakaa nje mpaka apoe. Aliyesaidiwa leo, kesho amsaidie mmoja. Lakini kilicholikuza kundi si sheria. Winfrida alikumbuka watu. Mtu akinyamaza kwa muda, alimpigia simu, na mara nyingi alikuta mtu huyo amekwama mahali padogo, akaona aibu kuuliza, akaikunja bodi kwenye gazeti na kuiweka juu ya kabati.

Mmoja wa waliokuja mapema ni Thadeus Shirima wa Tarakea, baba wa makamo anayetengeneza mashine za kutotolesha vifaranga na kuziuza siku za soko. Mwingine ni Mwalimu Remigius wa Kibosho, mwalimu mstaafu wa Kiswahili ambaye hakuwahi kushika bodi hata moja. Alikuja kwa sababu aliona kosa la sarufi kwenye somo la Mfongo lililobandikwa ubaoni parokiani, akalisahihisha kwa kalamu nyekundu na kumtumia Winfrida. Tangu siku hiyo masomo yote yalipita mikononi mwake.

Hawa wawili ndio walioleta neno *hodi*. Kuna amri inayoifanya chipu iache inachofanya pale jambo linapotokea ghafla, tuseme joto limepanda kupita kiasi, ishughulikie jambo hilo, kisha irudi ilipoishia. Eliona alitaka amri hiyo iitwe *katiza*. Mwalimu Remigius akaandika kwamba anayekatiza wenzake hana adabu, na lugha isiwafundishe watoto utovu wa adabu. Mabishano yakaenda siku nyingi. Ndipo Thadeus, ambaye hakuwa msemaji, akaandika: "Kwangu mgeni akija hakatizi, anabisha hodi. Naacha nilichoshika, naenda kumsikiliza, narudi kwenye kazi yangu." Eliona akaliingiza neno, na Thadeus akafurahi kama mtu aliyepewa kiwanja.

Baada ya hapo Thadeus akatoa kikubwa zaidi. Programu ya mashine zake, ile aliyoinoa msimu hadi msimu kwa mayai yaliyoharibika na umeme uliokatika, akaiweka kwenye mradi wa Mfongo ili kila mtu aitumie. Mtu mmoja akamuuliza kundini kama haogopi kuibiwa.

"Dada Winfrida amesema kinabaki wazi," alijibu. "Kama kiko wazi kwa wote, kimeibwaje?"

Mwaka uliofuata, wiki chache baada ya Pasaka, Eliona alimwita Winfrida kwenye mgahawa mmoja karibu na soko la Mbuyuni. Aliagiza chai ya maziwa na chapati kwa wote wawili, akageuza simu yake kumwonyesha ukurasa.

"Kuna wafadhili wanataka kutusaidia," alisema. "Lakini wanaona mradi umekaa ovyo. Kila aliyechangia ana haki yake pembeni. Wanataka kila mmoja aingie hapa, abonyeze 'Nakubali', ili mambo yawe sawa."

Ukurasa ulikuwa mrefu na wa Kiingereza. Winfrida alisoma polepole, akasimama kwenye mstari mmoja. "Hapa wanasema mchangiaji anatoa haki zake zote kwa mwenye mradi. Zote?"

"Hiyo ni lugha ya wanasheria. Lazima mtu mmoja asimame kwa niaba ya wengine."

"Na leseni?"

"Leseni haibadiliki."

"Eliona, niangalie. Haibadiliki?"

Akamwangalia. "Haibadiliki. Mimi na wewe tumeanza hii kitu mezani kwako. Nikiwaambia mimi hawatabonyeza, watasema wana shughuli. Wewe ndiye wanayekusikiliza."

Baadaye Winfrida alijiuliza sana kwa nini hakwenda kwa mwanasheria, au hata kwa mwenzake chuoni anayejua Kiingereza cha mikataba. Jibu halikuwa gumu. Eliona alikuwa amebeba jeneza la baba yake Winfrida begani kutoka kanisani hadi nyumbani, kwenye utelezi wa mvua za Aprili. Mtu kama huyo humpeleki kwa mwanasheria.

Akaanza kuzunguka. Wengine aliwapigia simu, wengine akawafuata. Walio wengi walibonyeza kabla hajamaliza kueleza. Thadeus hakutaka hata maelezo. "Tuma hicho kiungo, dada," alisema, na simu ilikuwa bado sikioni mwa Winfrida alipoona jina lake limeingia.

Mwalimu Remigius ndiye pekee aliyemkalisha chini. Alivaa miwani, akaishika simu mbali na uso kama mtu anayeshika kitabu cha nyimbo.

"Nikibonyeza hapa, natoa nini?"

"Hutoi kitu, mwalimu. Tunaweka mambo sawa tu."

"Kiswahili cha 'kuweka mambo sawa' ni kipana mno, binti yangu."

"Mwalimu, ni mimi nakuomba."

Mzee akamtazama kidogo juu ya miwani. "Basi ni wewe," alisema, na akabonyeza.

Msimu wa kuchuma kahawa ulipoanza, Thadeus alimpigia Winfrida akiwa darasani. Hakusalimia.

"Dada, niko sokoni hapa Tarakea. Kuna duka jipya linauza mashine za kutotolesha vifaranga. Zimeandikwa Mfongo. Nimeomba wawashe moja. Ni yangu, dada. Hata ule mlio wa kengele wa mara tatu, nilioweka ili mke wangu ausikie akiwa jikoni, umo."

"Labda ni mtu wa kundi ameamua kutengeneza," Winfrida alisema. "Leseni inamruhusu, ila lazima aache programu wazi."

"Nimemwomba muuzaji maandishi yake. Amecheka. Amesema ni mali ya kampuni, na mimi mwenyewe niache kuandika Mfongo kwenye mashine zangu, jina lina mwenyewe."

Winfrida aliwaacha wanafunzi na nyaya zao, akafungua simu. Ukurasa wa Mfongo ulikuwa umebadilika asubuhi ile. Ulikuwa na rangi mpya, picha ya mkulima anayecheka, na jina la kampuni moja ya vifaa vya wakulima ya Dar es Salaam. Palipokuwa na leseni palikuwa na maneno kwamba toleo jipya na yote yaliyochangiwa ni mali ya kampuni, haki zote zimehifadhiwa. Alisoma mara ya pili. Akavuta kiti cha mwanafunzi akakaa.

Eliona alimpokea kwenye ofisi mpya ya kampuni pale Moshi, yenye vigae vyeupe. Alikuwa amenyoa vizuri. Hakuonekana kushangaa.

"Karibu, mwalimu."

"Mashine ya Thadeus inauzwa Tarakea."

"Si ya Thadeus. Ni bidhaa ya kampuni. Programu aliitoa kwa mradi."

"Aliitoa kwa leseni ya wazi."

"Na baadaye akabonyeza 'Nakubali'." Eliona hakupandisha sauti. "Wote walibonyeza."

"Uliniambia leseni haibadiliki."

"Siku ile ilikuwa haijabadilika."

Winfrida aliuweka mkoba mezani, akakaa. "Na hawa watu wa kampuni mlianza kuongea lini?"

Eliona aligeukia dirishani. "Tulishakubaliana kabla ya Pasaka. Sharti lao lilikuwa moja, haki zote ziwe mkono mmoja."

"Kwa hiyo siku ile tunakunywa chai, ulikuwa umeshauza. Kilichobaki ni mimi nikuletee watu."

"Ningekueleza ungekataa."

"Ndiyo maana hukunieleza."

"Ndiyo." Halafu maneno yakamtoka kwa haraka, kama aliyekuwa ameyapanga. "Winfrida, miaka yote hii naandika, nalala kwenye kochi la binamu yangu. Watu wananiambia kundini 'Mungu akubariki'. Nina watoto wawili. Baraka hazilipi ada. Ningefanya nini? Na wewe hatujakusahau, tumekuwekea nafasi. Meneja wa Jamii. Utafanya yaleyale unayofanya, sasa utalipwa. Watu wanakusikiliza."

Kama asingesema hayo ya mwisho, pengine Winfrida angemjibu kwa hasira, wakagombana, na siku moja wakapatana. Lakini alisikia neno lilelile la mgahawani, na akaona wazi yeye alikuwa nini machoni pa mtu huyu siku zote walizokaa meza moja. Akanyanyuka, akachukua mkoba wake. Mlangoni alisema, "Ulimbeba baba yangu," kisha akashuka ngazi.

Aliyoyakuta kundini yalikuwa mabaya kuliko ya ofisini. Watu walikuwa wameshausoma ukurasa mpya, na waliyoyakumbuka yalikuwa ya kweli: ni Winfrida aliyewaambia wabonyeze. Wapo waliouliza kwa upole. Wapo waliouliza amelipwa kiasi gani. Fundi wa Holili, ambaye Winfrida alikuwa amekaa naye siku nzima akimsaidia kutafuta waya mmoja uliolegea, aliandika, "Dada, kumbe ulikuwa unatuchunga kwenda mnadani." Alianza kujibu, akafuta. Angesema nini? Kwamba hakujua? Angeonekana mwongo au mjinga, na hakujua lipi lina nafuu. Kabla hajaamua, kundi likafungwa. Winfrida ndiye aliyelianzisha, lakini namba ya kulisimamia aliishika Eliona kama za mitambo yote ya mradi, na toka siku hiyo wasimamizi wa kampuni tu ndio walioweza kuandika.

Akaenda Kibosho, kwa sababu hakuwa na kwingine. Alimkuta mama yake akikata majani ya ng'ombe, akamweleza yote akiwa amesimama. Dominika aliendelea kukata mpaka mwisho, ndipo akajinyoosha mgongo.

"Sasa unalia nini, Manka?" alimwita kwa jina la nyumbani. "Kwamba alikudanganya, au kwamba waliokuamini wamedanganyika?"

"Yote, mama. Yeye ndiye aliyefanya, na mimi ndiye ninayetukanwa."

"Yeye hawamjui. Walikujua wewe." Akaweka panga chini. "Huwezi kwenda kwa wote. Anza na yule aliyepoteza zaidi."

Akaenda mpakani mwa kihamba, akarudi na jani la sale, lile jani refu la mmea unaopandwa kwenye mipaka. Kwa Wachagga anayekuja kwako na sale kuomba radhi hafukuzwi, sharti asikilizwe. Winfrida hakuwahi kulibeba maishani. Alidhani ni mambo ya wazee na mashauri ya ardhi. Alilifunga fundo, akalifunika kwa kanga, na kesho yake akapanda gari la Rombo.

Karakana ya Thadeus iko nyuma ya soko. Mkewe ndiye aliyemwona kwanza, akamvutia stuli bila kusema neno. Thadeus alikuwa ameinamia mashine moja, anakwangua rangi kwa kisu. Winfrida akasoma kilichobaki kwenye bati: *Mfon*. Akalifunua jani, akalishika kwa mikono miwili.

Thadeus alifuta mikono kwenye suruali. "Hilo la nani?"

"Langu kwako, kaka Thadeus. Nilikwambia hakitafungwa, na kimefungwa. Nilikutumia kile kiungo mimi mwenyewe. Sikujua, lakini sikujua kwa sababu sikutaka kuuliza."

Sokoni mtu alikuwa akinadi viatu kwa kipaza sauti.

"Nalipokea," Thadeus alisema mwishowe, akalichukua jani na kulichomeka ukutani kati ya misumari. "Lakini nikwambie, dada. Umetoka Kibosho hadi hapa na jani, na aliyekosa amekaa Moshi kwenye kiti. La kwako nimelipokea. La kwake usimbebee."

Mkewe Thadeus akamletea chai.

"Na mashine wala si mashine," Thadeus aliendelea, safari hii akiangalia chini. "Mashine nitatengeneza nyingine. Kinachoniuma ni kwamba sikusoma. Niliona jina lako nikabonyeza. Sasa hata parokiani wakinipa karatasi ya michango nisaini, naisoma juu hadi chini, naigeuza, naisoma tena. Padri ananishangaa. Sikuwa hivyo mimi."

Hilo ndilo alilorudi nalo Winfrida njia nzima, kupita Mkuu na Mwika hadi Himo, paji la uso likiwa kwenye kioo cha gari. Eliona alichukua programu, jina na kundi. Lakini kuna kitu alichokichukua kwa Thadeus ambacho hata kampuni haikukihitaji. Alikichukua kwa mkono wa Winfrida.

Yapo yaliyookoka. Yote yaliyokuwa yametolewa wazi kabla ya watu kubonyeza yalibaki wazi. Leseni ikishatolewa haifutiki, na hayo hakuna aliyeweza kuyarudisha kabatini. Winfrida alichukua toleo lile la zamani, akaomba radhi kwa kila aliyempata, mmoja mmoja kwa sauti na si kwa maandishi, na akawauliza kama wangependa waliendeleze kwa jina jingine. Wachache walikubali. Wakaliita Tawi. Safari hii hakuna aliyetoa haki yake kwa mtu. Kila mchango ulibaki wa aliyeuleta, na leseni isingeweza kuguswa bila wote kukubali. Namba za kufungulia kila kitu zilikaa kwa watu watatu wa mahali patatu. Thadeus, baada ya kimya cha muda mrefu, alituma programu yake ya vifaranga na maneno mawili, "Haya tena." Akawa mmoja wa hao watatu.

Walio wengi hawakuja. Mfongo ilikuwa na matangazo redioni na rangi za kuvutia, na waliochoka hawataki kuanza upya. Mwalimu Remigius naye hakuja. Winfrida alikwenda kwake mara tatu, akamwamkia shikamoo, akajibiwa marahaba, akapewa ndizi na maziwa. Mara ya tatu mzee alisema, "Nimekusamehe siku nyingi, binti yangu. Usidhani nakuwekea kinyongo. Lakini jina langu usiliandike popote tena." Winfrida akasema amesikia. Masomo ya Tawi yakawa yanatoka na makosa madogo madogo ya sarufi, na kila alipoyaona, moyo ulimchoma.

Naye alibadilika. Aliendelea kufundisha, aliendelea kutomcheka mtu, lakini ile hali ya kufungua mkono wote ilimtoka. Kijana mpya akimwambia, "Dada, wewe ukisema tu sisi tunakubali," alimkatiza kwa ukali uliowashtua waliokuwepo. "Usikubali kwa sababu yangu. Soma." Halafu alikaa akamsomea mstari kwa mstari, hata kama ni jambo dogo, hata kama kijana alipiga miayo. Kuna waliomwona amekuwa mgumu. Hawakukosea.

Mwezi wa Desemba, wakati watu wa mlimani wanarudi nyumbani kutoka kila mji, tangazo lilisomwa kwamba baba yake Eliona amefariki. Winfrida alikaa nalo asubuhi nzima. Alimfahamu mzee huyo kidogo, maana siku moja mzee alimkaribisha mezani kwake akamwombea sala ndefu. Akavaa kanga yake nyeusi akaenda Machame. Hakwenda kwa ajili ya Eliona. Alikwenda kwa sababu msiba ni msiba, na asiyekwenda kuzika huyo naye ana neno la kujibu.

Alipofika alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba kwa akina mama, akapewa kisu, akakaa kumenya ndizi za machalari, zile za kupikwa na nyama. Utomvu ulikuwa umeshampaka vidole weusi alipoona viatu vya mwanamume vimesimama mbele yake.

"Umekuja," Eliona alisema. Alikuwa amekonda, macho mekundu.

"Nimekuja kumzika mzee."

Alichuchumaa karibu yake, akapunguza sauti ili akina mama wasisikie. "Winfrida, najua si mahali pake. Lakini nimekutafuta sana. Kundi limekufa. Hakuna anayeuliza, hakuna anayejibu. Maswali yanakaa mwezi. Kampuni wananiuliza watu wamekwenda wapi, na mimi sijui niwaambie nini. Wewe ulikuwa unafanyaje? Niambie tu ulichokuwa unafanya, nitamwajiri mtu afanye."

Winfrida alimtazama usoni. Alitafuta kama kuna hata chembe ya aibu, akaona uchovu tu, na swali. Mtu huyu alikuwa hajajua bado ni nini alichokichukua. Pengine hatajua.

"Pole kwa msiba, Eliona," alisema.

Eliona akangoja aendelee. Mama mmoja akamsogezea Winfrida chane nyingine, naye akaipokea, akachomoa ndizi moja, akaanza kuimenya.